Karanga ya Baba Kima

Mtaani walimwita Baba Kima, na mwenyewe alilipenda jina. Alilisha kima kwenye maabara ambako madaktari huwaambukiza virusi vya ukimwi wa kima, halafu huwapa dawa waone itakuwaje. Kumpa kima kidonge si mchezo. Kima kikongwe mmoja waliyemwita Bi Mkubwa alikipokea kwa adabu zote, akakificha shavuni, daktari akigeuka tu, ptu, chini.

Baba Kima ndiye aliyemweza. Alimpa kipande cha ndizi kitupu, kisha kingine kitupu. Cha tatu ndicho chenye kidonge. Halafu alimwonyesha karanga, akamtaka afungue mdomo. Shavu likiwa tupu, karanga yake. Kisa hicho mkewe alikisikia mpaka akachoka.

Sasa sikia kioja. Baba Kima huyo huyo alikuwa amepimwa, akakutwa na virusi vyake mwenyewe, vya binadamu, ambavyo hakupewa na kima yeyote. Mkewe alikuwa salama. Nesi akamweleza kwamba akimeza kidonge kila siku atawaona wajukuu, asipomeza atakwisha. Ndiyo nesi, ndiyo nesi. Kufika nyumbani, makopo ya dawa yakaishia ndani ya buti bovu nyuma ya mlango. Ati mtu mzima na heshima zake ameze dawa zile zile za kima! Na majirani si watasema ameambukizwa kazini? Basi akakonda, suruali ikawa inashikiliwa na kamba, na bado anaringa alivyomshinda Bi Mkubwa. Jamani, kuna watu wanatia hasira.

Siku mkewe alipotaka kulitupa buti lile, makopo yakamdondokea miguuni, hata moja halijafunguliwa. Alikaa sakafuni akalia, akajifuta uso, akaenda sokoni.

Jioni, baada ya chakula, alimmenyea mumewe ndizi na kuikata vipande. Baba Kima akala cha kwanza, akala cha pili, huku akisimulia ya kazini. Cha tatu kilikuwa na kitu kigumu. Akakisukuma shavuni kwa ulimi, akaendelea kusimulia.

Mkewe akaweka karanga moja mezani.

"Baba watoto," akasema taratibu, "fungua mdomo nione."

Aliitazama karanga. Aliyatazama macho ya mkewe, mekundu. Kisha akameza, akapanua mdomo.

Mkewe akachungulia shavu hili, akachungulia na lile, ndipo akamsogezea karanga yake.