Siku Baba Alipokwama Mkekani

Leo nimecheka kliniki hadi dada wa fiziotherapia akaniuliza kama niko sawa.

Alikuwa ameniambia tu nilale chali, nivute magoti kifuani. Nikamkumbuka baba, tukiishi mtaa wa Jericho, miaka ya themanini.

Mama alikuwa mshonaji, na mgongo ulimkamata hadi akashindwa kukaa kwenye cherehani. Hospitalini wakamfundisha mazoezi hayo hayo.

Baba hakutaka kusikia. Alikuwa na mtu wake Eastleigh, wa kunyoosha migongo. Anakukunja mara moja, unasikia "ka!", umepona. Eti.

"Huyo hanigusi," mama akasema. "Alimnyoosha jirani yetu Mama Zuhura, na mpaka leo hawezi kuinama."

Akaendelea na mazoezi yake mkekani kila asubuhi, pole pole.

Jumapili moja baba akachoka kutazama. "Hii ni michezo ya watoto!"

(Niambieni kama mzee wenu hakuwa hivi.)

Akavua koti la kanisani, akalala chini, akavuta magoti kwa nguvu zake zote.

Akajaribu kuinuka, wapi!

"Mama Njeri," akamwita mama kwa sauti ndogo. "Siwezi kuamka."

Sisi watoto tulikimbilia jikoni kucheka. Mama akasimama juu yake, mikono kiunoni.

"Nikuitie yule mtu wako wa Eastleigh?"

"Hapana!" Kisha, kwa upole ambao hatukuwahi kuusikia: "Hebu nionyeshe vile wewe hufanya."

Kesho yake asubuhi walikuwa wawili mkekani, na mama ndiye aliyekuwa akihesabu.