Mstari Anaouruka Mnakili

Mnakili wa dukani kwa Ghisola, pale Bologna, hunong'ona kila neno la kitabu cha sheria za Kirumi kabla ya kuliandika kwenye ngozi. Akifika pale baba anapomnyima mwanawe urithi, huchonga kalamu ambayo bado ni kali, kisha huruka mstari. Kila nakala, mstari uleule.

"Mzee, umeruka tena! Wanafunzi wanaonunua nakala watanisema," Ghisola humwambia.

"Macho, mama. Uzee huo."

Leo Ghisola akamsomea mstari huo mwenyewe, auandike pembeni: "Tito mwanangu asirithi." Alipoinama kukagua, hapakuwa na Tito. Palikuwa na "Landolfo mwanangu", jina ambalo mzee hajawahi kulitaja. Mzee akachukua kisu, akalikwangua, akaendelea kukwangua hata baada ya wino kufutika.

"Basi, baba. Ningejua, ningekuacha uuruke tu," Ghisola alisema, lakini ngozi ilikuwa imeshatoboka.