Beji Mbili za Kongamano la Sayansi

Kila mradi una watu wawili. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kongamano la sayansi la shule za upili, na mpaka leo nikiikumbuka nakasirika. Wawili wanasimama mbele ya chati, wawili wanavaa beji, wawili wanaulizwa maswali na majaji. Wengine wote ni watazamaji, hata kama ndio waliounda hicho kitu kwa mikono yao.

Sisi wawili tulikuwa mimi na rafiki yangu, kidato cha tatu. Yeye aliishi Muthangari, nyumba yenye lango na mbwa. Mimi mtaa wa Satellite, nyuma ya kibanda ambako mama aliuza maziwa. Tulikuwa dawati moja tangu kidato cha kwanza, na urafiki ulikuwa wa kweli, sitaki kudanganya. Alikuwa akija kwetu, anakula, anaosha na vyombo.

Mradi wetu ulikuwa kipimo cha maziwa. Mama aliletewa maziwa kila asubuhi na mchuuzi wa baiskeli, na siku nyingine yalikuwa yameongezwa maji. Nikachukua ganda la kalamu, nikaliziba chini kwa nta, nikatia misumari midogo, likaelea wima ndani ya glasi. Kwenye maziwa halisi lilisimama juu. Kwenye yaliyotiwa maji lilizama. Nikachora alama. Rafiki yangu aliandika chati kwa kalamu za rangi alizonunuliwa na babake, mwandiko mzuri ajabu. Hatukugombana hata siku moja kuhusu nani amefanya nini.

Tukashinda shuleni. Tukaenda wilaya, tukawa wa kwanza katika kitengo chetu. Jaji mmoja alicheka kidogo Kiingereza changu cha nyumbani, lakini alama akatupa. Uliobaki ulikuwa mkoa, na wa kwanza na wa pili wa mkoa wangekwenda kitaifa, wiki nzima nje ya Nairobi. Niliitaka safari ile mpaka nikashindwa kula. Nilimwambia mama, mama akawaambia wateja, basi Satellite nzima ikajua.

Asubuhi ya mkoa tulikutana langoni mwa shule moja huko Westlands. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maziwa. Mwalimu wetu wa kemia, msimamizi wa klabu ya sayansi, alikuwa na beji mbili mkononi. Moja akampa rafiki yangu. Ya pili akampa msichana wa kidato cha nne, nyota wa midahalo, ambaye hakuwahi kukigusa kile kipimo. Mimi nikabaki nimenyoosha mkono kama mjinga.

Mwalimu akanivuta kando, akanieleza kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma. Majina yalipelekwa Jumatano. Huku mkoa majaji wanataka watu wa kujieleza, Kiingereza kinachotiririka. Mimi ni fundi, na fundi hakosi kazi: nitapanga meza, nitashika maziwa. Shule ikishinda, tumeshinda sote.

Nikamgeukia rafiki yangu nikidhani anaisikia habari hiyo pamoja nami. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Mwalimu alisema nisikwambie. Ungekataa kuleta maziwa."

Haki ya Mungu, nilitaka kummwagia ile ndoo. Tangu Jumatano! Alhamisi tulikuwa tumegawana chapati. Ijumaa alinisikiliza nikikariri utangulizi wangu, akanirekebisha matamshi. Akanirekebisha matamshi ya maneno aliyojua sitayasema! Hilo sijamsamehe, na mtu asiniambie eti tulikuwa watoto.

Meza nilipanga. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa bado nangoja mtu aseme ni makosa. Kisha nikasimama nyuma ya kamba na watazamaji, ndoo miguuni.

Yule wa midahalo aliongea vizuri, siwezi kumnyima. Halafu jaji, mzee mmoja mwenye miwani, akauliza swali ambalo halikuwa kwenye chati: maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, bado yana joto, kipimo chenu kitasemaje? Nyota akatabasamu, akaishiwa. Rafiki yangu akageuza kichwa, akanitafuta kwa macho.

Jibu nilikuwa nalo. Maziwa ya moto ni mepesi, kipimo kinazama, na unaweza kumwita mwizi mtu ambaye hajaongeza hata tone. Mama alishamkosea mchuuzi hivyo, ikabidi amwombe msamaha mbele ya wateja. Rafiki yangu nilimsimulia kisa hicho, tukacheka wee. Sasa alikuwa amesahau. Na mimi, mjinga wa kupindukia, nikainama, nikaweka kiganja kwenye ndoo, nikakiondoa haraka kama niliyeungua. Akakikumbuka kile kisa. Akajibu yote, mpaka na kungoja yapoe.

Jaji alifurahi. Akamuuliza amejifunzia wapi mambo hayo.

"Mamangu anauza maziwa Satellite," akasema.

Bila kumeza mate. Mamake alikuwa meneja wa benki. Akaendelea na mchuuzi wa baiskeli, na ule ugomvi, na msamaha mbele ya wateja, huku jaji anaandika tu. Wakawa wa pili. Wakaenda kitaifa.

Nilifika nyumbani na ndoo tupu. Mama alikuwa akimpimia mteja. Nikamwaga yote palepale: mwalimu, beji, Jumatano, mpaka yeye mwenyewe alivyotajwa. Nilitarajia atawaka. Akamaliza kupima, akafunika mtungi, akangoja mteja aondoke.

"Huyo rafiki yako akisema mimi ni mamake," akaniuliza, "wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale."

"Ukafanya nini?"

Nikachukua ndoo, nikaanza kuiosha. Nilikuwa nimepiga makofi pamoja na wengine.