Mama Nyabenda afagia mlango aliouombea ufungwe

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umekikalia kilima cha Murehe, huku Kayanza, kaskazini mwa Burundi, na kengele ya parokia haijalia. Consolata Nyabenda anafagia baraza la kituo cha afya cha parokia, mahali anapoketi kila siku kuwafundisha wanawake kupanga uzazi kwa shanga. Akimaliza hapumziki. Anavuka barabara na ufagio wake, anaanza kufagia baraza la pili.

Baraza hilo si lake. Ni la zahanati ndogo ya serikali iliyokuwa ikitoa sindano na vidonge vya kuzuia mimba. Mlango umepigwa kufuli tangu msimu uliopita wa kahawa. Dirishani bado kuna picha ya mama mwenye watoto wawili, imepauka kwa jua.

"Watu hunicheka," anasema mama huyu wa miaka 61, akiondoa utando wa buibui kwenye bawaba. "Wanasema, 'Si wewe uliyekuwa ukisali hapa pafungwe?' Nawaambia ndiyo, ni mimi. Haya nipisheni, nifagie."

Nyabenda ni jina la mtoto wa tisa. Kaka yake aliyemtangulia ni Minani, wa nane, na kabla yake kuna Nyandwi, wa saba. Kwa Warundi wa zamani, jina kama hilo lilikuwa sifa ya mama mzazi kuliko ya mtoto.

"Zamani ukiita 'Nyandwi!' sokoni, nusu ya soko inageuka," anasema. "Leo wanageuka wazee tu. Namkumbuka mama akitoka kisimani, sisi nyuma yake kama vifaranga. Usiku mguu wa mwenzako uko shingoni mwako, na hakuna aliyejua upweke ni kitu gani."

Anakung'uta ufagio. "Lakini tulizaliwa tisa, tukakua watano. Hilo nalo nisilifiche."

Alisoma shule ya msingi, akawa katekista, akaolewa na Venansi, mkulima wa kahawa. Masista wa parokia walimchagua awe mwalimu wa shanga kwa sababu, kama asemavyo sista mmoja, "alikuwa na mdomo lakini hakuwa na umbea."

Siku hizo yalikuja magari meupe yakiwa na makatoni ya shanga za plastiki. Wanakijiji wakawaita wenye magari hayo wazungu wa shanga. Kila mkufu ulikuwa na ushanga mmoja mwekundu wa siku ya kwanza ya hedhi, za kahawia za siku salama, na nyeupe za siku za kujizuia. Kipete cha mpira kilisogezwa ushanga mmoja kila siku. Kanisa halikuwa na neno, maana hapakuwa na dawa wala sindano.

Mama Nyabenda aliweka sharti lake mwenyewe, ambalo hata leo halivunji: mkufu hampi mwanamke peke yake. Mume lazima aje, na kipete kitasogezwa na mume.

"Mwanamke anazijua siku zake," anaeleza. "Anayehitaji kukumbushwa ni yule mwingine."

Kwake nyumbani kipete kilikuwa kazi ya Venansi. Kila jioni, kabla ya kula, alinawa mikono, akauchukua mkufu msumarini, akasogeza. Miaka ikapita, mkewe akakoma hedhi. Venansi hakuacha.

"Nikamwambia, 'Baba, kazi hiyo imekwisha, tumezeeka.' Akanijibu, 'Niache, nimezoea. Nisipousogeza sioni kama siku imepita.'" Mama Nyabenda anacheka, kisha anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Venansi alifariki miaka minne iliyopita. Mkufu ungali msumarini, na kipete kiko pale alipokiacha.

Wazungu wa shanga waliondoka siku moja kama walivyokuja. Mradi umekwisha, wanakijiji waliambiwa. Makatoni hayakuja tena. Hapo ndipo Mama Nyabenda alipoanza kutunga mikufu yake kwa maharage: meupe, ya kahawia, na moja jekundu, akiyatoboa kwa sindano iliyochomwa moto kabla hayajakauka sana.

Mikufu hiyo ina visa vyake. Kuna nyumba ambayo kuku alidonoa maharage meupe mawili, mume akaendelea kusogeza kipete bila kuangalia. Baada ya miezi tisa vigelegele vilisikika. Mtoto huyo yuko darasa la pili, na kilima kizima kinamwita Mwana wa Kuku.

"Baba yake alikuja kunilaumu," anasema. "Nikamwambia, 'Mwanangu, mimi nilikupa shanga. Kukufungia kuku wako si kazi ya Kanisa.'"

Kisha wakaja wengine, wazungu wa sindano. Kituo cha parokia hakikuweza kupokea walichokileta, kwa hiyo serikali, kwa fedha za wafadhili hao, ilijenga zahanati ndogo ng'ambo ya barabara, mlango ukitazama mlango. Muuguzi wake aliitwa Spesioza Nduwayo, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ileile ya Mama Nyabenda.

Asubuhi ya kwanza Spesioza alisimama barazani akapaza sauti: "Amani, mke mwenza!"

"Mke mwenza wa nani?"

"Si tumeolewa na kilima kimoja? Wanawake ni walewale, tutawagawana!"

Tangu siku hiyo, kwa miaka tisa, wawili hao waliitana mke mwenza. Walitupiana maneno kuvuka barabara hadi wapita njia wakasimama kusikiliza. Spesioza akiuliza kama maharage yameiva, Mama Nyabenda akimjibu kwamba moto wa kuyapikia uko kule zahanatini, tena ni wa milele. Mchana waligawana viazi vitamu. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kikundi cha akina mama wa parokia kilisali rozari ili zahanati ile ifungwe, na Mama Nyabenda ndiye aliyeongoza.

"Sikumchukia," anasema. "Na imani yangu sijaiacha, hata leo. Uhai ni wa Mungu, mimi siushikii mkasi. Spesioza alijua. Aliniambia, 'Sali, mke mwenza, lakini utaje na mgongo wangu, unauma.' Nikautaja."

Mwaka jana dawa zilipungua, kisha zikaisha. Gari la kuzileta halikuja. Habari zilizofika kilimani zilisema huko mbali wafadhili wamekaa, wameona kuna mambo mengine ya kutangulizwa. Spesioza alihamishiwa Muyinga. Siku ya kuondoka alimkabidhi Mama Nyabenda ufagio wake, akasema, "Nitunzie baraza."

"Hawa wa sindano walikuja wakiogopa mimba, wale wa shanga walikuja wakiogopa sindano," anasema Mama Nyabenda. "Kila gari na hofu yake. Lakini sikuona gari lililosimama kwa Goreth kumuuliza yeye anaogopa nini."

Goreth Inamahoro, miaka 29, ni mama wa watoto wanne. Wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji, na damu ilimtoka hadi daktari akamwonya kwamba mimba nyingine kabla ya miaka mitatu inaweza kumuua. Alikuwa akichomwa sindano kwa Spesioza. Kufuli lilipowekwa, alivuka barabara na mtoto mgongoni, akaketi mbele ya maharage.

Mama Nyabenda alimwita mumewe pia, Leonidas, mfyatua matofali. Aliwauliza maswali yake ya kawaida, na majibu hayakumfurahisha. Mwili uliotoka kwenye sindano, anaeleza, hauna tarehe; hedhi huja inavyotaka, na shanga huhitaji mwezi usioyumba. Alimwambia Leonidas kwamba njia iliyobaki kwake ni kungoja, pengine miezi mingi.

"Mama, mimi ni fundi matofali," Leonidas alijibu. "Tofali bichi ukiliingiza tanuruni linapasuka. Kungoja nakujua."

Lakini alipotangulia kutoka, Goreth alibaki kitini.

"Mama, atangoja. Ni mwema. Atangoja mpaka siku ile watakayomlipa kwa pombe ya ndizi."

"Hapo nilishikwa," anasema Mama Nyabenda. "Mkufu nilikuwa nao mkononi. Ningempa, angeondoka amefurahi, na mimi ningeonekana nimeshinda. Kwa nini basi niliomba pafungwe, kama si ili waje kwangu? Sasa amekuja, na nilichonacho kitamdanganya."

Aliurudisha mkufu kikapuni. "Nikamwambia, 'Mwanangu, shanga hizi kwako zitasema uongo. Nenda hospitali ya wilaya, kamwone daktari aliyekupasua. Mwambie yote.' Akasema ni mbali, na anaogopa kwenda peke yake. Basi nikachukua mwavuli wangu."

Walikwenda kwa miguu. Nauli ya pikipiki kwenda na kurudi ni faranga 30,000, na posho ya parokia ni 40,000 kwa mwezi, ambazo sokoni hazizidi kilo kumi za maharage. Hospitalini Goreth aliingia. Mama Nyabenda alibaki kwenye benchi la nje, mtoto magotini, rozari mkononi.

"Alipotoka sikumuuliza amefanyiwa nini. Hakuniambia. Nilimrudishia mtoto wake, tukanunua ndizi mbivu, tukarudi tukizungumzia mvua."

Je, Padri anajua? Mama Nyabenda alikwenda kumweleza mwenyewe Jumamosi iliyofuata, akiwa tayari kunyang'anywa baraza lake. Padri alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo mama hajambo?"

"Hajambo, Padri."

"Basi nenda ukafundishe."

Goreth hajambo hata leo. Wakati mahojiano haya yakiendelea anapita barabarani na jembe begani, mtoto akikimbia mbele. "Amani, Mama!" anaita. "Unafagia hadi mlango utoboke?"

"Nikiutoboa nitakuwa nimeufungua!" anajibiwa.

Simu ya Mama Nyabenda inalia mfukoni. Ni Spesioza, kutoka Muyinga.

"Mke mwenza, umenifagilia?"

"Nimekufagilia. Buibui wako wakaidi kama wewe."

"Na mgongo wangu, bado unautaja?"

"Kila Ijumaa."

Msimu huu amepanda maharage meupe mengi nyuma ya nyumba, apate shanga za wanandoa wapya wanaojiandikisha parokiani. Rozari ya Ijumaa ya kwanza bado anaiongoza, ila nia ameibadilisha, na baadhi ya akina mama wa kikundi wamenuna. Anamwomba Mungu amrudishe Spesioza.

"Sijasema nitamkubalia," anaonya, akiegemeza ufagio ukutani. "Akirudi tutaanza kugombana siku hiyohiyo, nimeshamwekea maneno. Ninachotaka ni hiki: yeye awe upande wake, mimi upande wangu, na katikati barabarani mwanamke apite akitucheka sote wawili, aende zake akiwa hai."

Kengele ya parokia inalia. Anageuka, anaugonga mlango uliofungwa mara moja kwa kiganja, kama mtu anayeaga jirani, kisha anavuka kwenda misani.