Misimu ya Mkate Wangu

Juzi nilikuwa nakatiza vichochoro vya mtaa wetu wa Malindi, nikawasikia vijana kwa kinyozi wakigombania katuni ya Kijapani. Mmoja anaapa kuwa msimu mpya umeharibika, shujaa kasahau hata aliyojifunza. Nikasimama nacheka peke yangu, mwanamke mzima na kikapu changu cha mchele.

Maana nasi tuligombana vivyo hivyo, na ugomvi wenyewe ulikuwa mtamu ajabu. Wazee wetu walikuwa wametangulia mbele ya haki, na mimi, mkubwa wa watatu, nimeacha skuli niwalee wadogo zangu. Jirani yetu, Mhindi muuza vitambaa, alikuwa na televisheni dukani. Baada ya alasiri alitutilia diski za katuni ya kijana mmoja wa upanga, nasi tukajibana barazani, cherehani yake ikilia nyuma yetu.

Msimu wa kwanza kijana yule alianguka na kuinuka, akajifunza kidogo kidogo. Wa pili akawa bingwa ghafla. Wa tatu kila mtu akampiga. Mdogo wangu wa kiume aliuabudu ule wa pili. Mdogo wangu wa kike akimrukia: "Kafunzwa na nani? Jana hajui kushika upanga, leo anapasua mlima!" Jirani alishikilia wa tatu. "Watoto wangu," alisema, "mtu hakui kama anapanda ngazi. Hukua kama maji ya pwani, yanajaa na kupwa."

Haukupita muda wakaanza kunipima mimi kwa mizani hiyo hiyo. Nilikuwa najifunza mkate wa kumimina: mchele uliorowekwa, tui, hamira, iliki, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko. Ukiumuka, nasikia, "Dada yuko msimu wa pili!" Ukiungua, "Lo! Wa tatu huo."

Ramadhani moja akaja shangazi kutoka Kiwengwa. Alitaka kuwachukua wadogo zangu. Mimi, alisema, bado mtoto. "Kesho ntafuturu hapa. Nkiona mnajiweza, watabaki."

Kesho yake, kwa wasiwasi, kila mara nikafunua sufuria kuchungulia. Mkate ukabonyea katikati kama godoro lililolaliwa na paka.

Ikaadhiniwa, tukafungua kwa tende na uji. Nikaukata mkate vile vile, nikamwekea. Shangazi akautazama. Mdogo wangu wa kiume akadakia:

"Shangazi, usimhukumu kwa msimu wa tatu! Wa nne unakuja."

"Msimu gani tena, we mtoto?"

Dada yake akamweleza yote, upanga mpaka mlima. Shangazi akacheka hadi mtandio ukamwanguka. Kisha akanigeukia.

"Kesho utapika nini?"

"Mkate wa kumimina, shangazi."

"Huu huu uliokushinda?"

"Huu huu."

"Basi kesho nipo."

Akakaa Ramadhani nzima. Siku nyingine mkate uliumuka, siku nyingine ulilala, na kila jioni alitoa hukumu ya msimu kwa sauti kubwa kuliko watoto. Sikukuu ya pili akarudi Kiwengwa peke yake.

Sasa duka lile linauza vinyago kwa watalii. Mdogo wangu wa kike anafanya kazi hotelini Kendwa, wa kiume yuko Dar, na katuni kila mtu anaitazama kwenye simu yake. Mkate wangu siku hizi haunishindi. Unaumuka kila siku, mwekundu, mzuri, na hakuna wa kunambia huu ni msimu wa ngapi.