Jetoni Kumi na Mbili za Mwoka Mikate

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu mali ya mtu kwa limau na chumvi. Nawaambia mapema, nyinyi vijana mnaotaka kujifunza kazi ya sarafu kongwe, msije mkadhani mzee Dezideri huyu alizaliwa anaijua.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Korona. Hoteli nilikokuwa msafishaji huku ugenini ilifungwa, na mtu wa miaka sitini na tatu mwenye Kiingereza cha kuungaunga, nani angemwajiri? Kilichoniokoa ni Kifaransa nilichosoma shuleni Burundi. Mama mmoja wa mtaa wa Granville, mwenye duka la sarafu, alitafuta mtu wa kusoma maandishi ya jetoni za Kifaransa. Nilimwita Madam. Mama yake mzazi alikuwa Mfaransa, kwa hiyo tulielewana bila taabu. Kwa sababu ya lokidauni wateja hawakuingia ndani. Tulituma vitu kwa posta au tulikabidhi mlangoni, barakoa usoni.

Jetoni si pesa ya serikali. Hapo kale wahasibu walizipanga mezani ili wafanye hesabu. Baadaye sarafu ndogo zikaadimika, na wenye mikahawa na matanuri ya mikate wakajitengenezea zao za shaba. Unalipia mkate mapema, unapewa jetoni, asubuhi unairudisha na kuchukua mkate wako.

Madam aliniwekea mezani trei ya jetoni kumi na mbili, akaniambia nizisome, nizipime uzito na niziandike, kisha akaenda kuchanjwa. Hakunikataza kuzisafisha, nami sikuuliza. Sasa jamani, katika kambi ya wakimbizi Tanzania nilitunza vyombo vya kanisa miaka tisa, na padri mwenyewe alivisifia vinara vyangu. Shaba iliyoota weusi, kwangu mimi, ni kama mtoto ambaye hajanawa uso. Tena siku zile dunia nzima ilikuwa inapangusa: vitasa, vikapu, hata ndizi! Nikakata limau, nikatia chumvi, nikasugua. Zilimeremeta. Nikakaa kungoja sifa.

Madam aliporudi alitazama trei, akavua miwani, akaketi. Hakufoka. Alinieleza kwamba ule weusi ni utando, huota kwa miaka mingi, na ukiondoka haurudi. Halafu akaniambia lililo baya zaidi: jetoni zile hazikuwa za kuuzwa. Zilikuwa za mzee mmoja wa mtaa wa Guildford ambaye baba yake alikuwa mwoka mikate Ufaransa, na mzee huyo alizileta ziandikiwe kadi za maelezo kabla hajampa binti yake.

Nilijua ujanja mmoja. Kambini niliwahi kusahau mayai ya kuchemsha ndani ya kasha la vinara, vikatoka vyeusi. Nikamsihi Madam tuzifungie jetoni pamoja na yai, mzee hatajua. Niliogopa kufukuzwa siku ileile niliyoajiriwa.

“Hapana,” alisema. “Hapa kila kitu kinatembea na kadi yake. Kilichotendeka kinaandikwa, na aliyetenda ndiye anayeandika.”

Nikaandika kadi kumi na mbili: Imesuguliwa dukani kwa limau na chumvi. Kosa ni la Dezideri.

Kesho yake mzee alikuja mlangoni. Niliomba nimkabidhi mwenyewe. Alisoma kadi ya kwanza, ya pili, akazisoma zote ingawa zilisema jambo lilelile. Akapitisha kidole gumba juu ya jetoni moja.

“Weusi ule ulikuwa wa mikono ya watu wa mtaa wetu,” alisema. “Mama yangu hakutaka hata zipanguswe.”

Nikamwomba radhi. Akazichukua pamoja na kadi zake, akaondoka. Siwafichi, nililia stoo. Madam hakunifukuza wala hakunibembeleza. Alinipa lenzi ya jicho, akanifundisha kushika sarafu kwa ukingo, kamwe si kwa uso wake, na tukaanza upya.

Nilifanya kazi hiyo mpaka magoti yakakataa, na sasa nimestaafu. Vijana mkija mnaniuliza bei. Bei mtaisoma kwenye simu zenu. Mimi nawaambieni habari ya wiki yangu ya tano kazini.

Wiki ile kifurushi kilifika kwa posta. Ndani mlikuwa na jetoni zote zilizobaki za yule mwoka mikate, na barua ya mzee wa Guildford. Madam aliisoma, akanisogezea kifurushi. Mzee alitaka ziandikwe na Dezideri, si mtu mwingine. Nikadhani ananitania. Nikamuuliza kwa nini mimi, niliyemharibia.

“Anasema amepita maduka mengi,” Madam akajibu, “na kadi zako ndizo za kwanza kumwambia jambo ambalo duka lingetaka kulificha.”

Nikavaa glavu. Nikaishika ya kwanza kwa ukingo, nyeusi tititi, nikaitazama kwa muda mrefu. Kisha nikaandika: Haijasuguliwa. Nikaweka jina langu.