Na Huko Anakaa Nani?

Mwanamke anayeandaa maandiko ya miradi karibu na stesheni ya Tabora hana haraka na mtu. Kila sentensi huisoma kwa sauti ya chini baada ya kuichapa, midomo ikicheza kama ya mtu anayeonja mchuzi, na isipomkolea huifuta. Fakhria, aliyekuwa akiomba kibali cha serikali ajenge kiwanda cha asali Sikonge, alizoea kuketi kando yake akimeza papara zake.

Walipofika kwenye habari za ardhi, Fakhria akasema, “Andika tu, dada, wanakijiji wameridhia.” Vidole vya mwanamke vikatulia. “Wote?” “Kasoro bibi mmoja mwenye mizinga yake pale. Atahama tu.” Mwanamke akafunga kompyuta, akajitanda mtandio. “Basi twende tukamsikie.” Wakaenda, na vumbi lote lile. Mwanamke akapiga goti mbele ya bibi, akatoa shikamoo yake, akamsomea andiko zima kwa sauti ileile ya chini. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akasema, “Mmesema vizuri, wajukuu zangu. Lakini mimi sihami.” Fakhria akangoja mwenzake ambembeleze. Mwenzake akashukuru, akaaga. “Umeniulia mradi wangu!” Fakhria alifoka njiani, na kwa wiki kadhaa hakukanyaga pale stesheni. Aliporudi alikuwa amepata kiwanja kingine, upande wa Igalula. Mwanamke akamsogezea kiti, akafungua kompyuta, akauliza taratibu, “Na huko anakaa nani?”